UZI: Chairman na Mazembe, uongozi wa mwenye timu tuupime kwa kitu gani?

Mamba wa Kamalondo

Jambo kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Kila TP Mazembe, timu yetu ya mpira ya hapa Lubumbashi, Kongo, ikifungwa, mjini yanasikika maneno mawili tu. Kuna wanaosema Chairman ndiye aliyeijenga timu, kwa hiyo watu wanyamaze. Na kuna wanaosema Chairman ameimeza timu. Hakuna anayepima. Nimefungua uzi huu ili tupime.

Moïse Katumbi, ndiye huyo Chairman, ni rais wa TP Mazembe tangu 1997. Ndani ya miaka hiyo amekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, akatoka nchini Mei 2016, akarudi Lubumbashi tarehe 20 Mei 2019, akagombea urais wa nchi Desemba 2023 na kushika nafasi ya pili. Kila hatua ilimwongezea uzito, na timu ilikuwa mgongoni mwake safari yote. Hapa hatuulizani kama ni mtu mwema au mbaya, na chama chake tukiache nje ya mlango. Tuulizane kazi ya rais wa timu ni ipi, na yeye ameifikisha wapi.

Naanza na makombe kwa kuwa yanaonekana na kila mtu. Kabla yake tulikuwa na ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, enzi timu ikiitwa Englebert, kisha Kombe la Washindi 1980. Baada ya hapo miaka 29 kavu. Yeye alishika timu 1997, Ligi ya Mabingwa ikaja 2009. Yaani miaka 12 ya kutoa feza bila kombe la bara. Ndipo ikafuata 2010, halafu 2015, na Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Kwangu mimi ile miaka 12 ina thamani kuliko makombe yenyewe, maana mtafuta sifa angechoka mwaka wa tatu.

Leteni miaka, matokeo na karatasi. Matusi hapana.

Damu ya Reli

Mimi ni wa Lupopo, wapinzani wenu wa mji huu, lieleweke toka mwanzo, lakini nitasema haki.

Makombe yanapima feza, hayapimi uongozi. Ukiweza kuwakusanya Wazambia kama Rainford Kalaba, Stoppila Sunzu na Nathan Sinkala, ukawaongeza Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu wa Tanzania, Solomon Asante na Daniel Adjei wa Ghana, Roger Assalé wa Ivory Coast, halafu ukacheza ligi ambayo wapinzani wengi wanahangaika hata na nauli ya kufika uwanjani, utashinda. Swali la uongozi linaanzia siku mfuko ukifungwa: timu inabaki na nini mkononi?

Na nisiseme ya jirani nikaficha ya nyumbani. Lupopo nayo imeshikwa na Jacques Kyabula, aliyeingia ugavana wa Haut-Katanga 2019. Timu mbili kubwa za mji mmoja, zote mbili zimeegemea mabega ya wanasiasa. V.Club ya Kinshasa ilikaa miaka mingi chini ya jenerali Gabriel Amisi kabla Bestine Kazadi hajaichukua 2020. Kwa hiyo ugonjwa huu tunao wote, na ninaposema juu ya Mazembe ninajisemea na mimi.

Yaya wa Bel-Air

Mdogo wangu Damu ya Reli, nusu ya swali lako ilishajibiwa uwanjani.

Tazama tarehe. Katumbi alitoka nchini Mei 2016. Novemba ya mwaka huo huo Mazembe ikachukua Kombe la Shirikisho kwa MO Béjaïa: 1-1 kule Algeria, 4-1 hapa nyumbani, kocha akiwa Hubert Velud. Mwaka uliofuata ikarudia kwa SuperSport United: 2-1 hapa, 0-0 Pretoria. Safari hiyo kocha alikuwa Pamphile Mihayo, nahodha wa zamani wa timu yenyewe. Makombe mawili ya bara, mfululizo, rais hayupo jukwaani hata siku moja. Timu ambayo kila jambo linasubiri mtu mmoja aamke haiwezi hayo. Kulikuwa na watu wa kusaini, wa kusafirisha, wa kupanga mazoezi.

Ongeza 2010. Trésor Mputu alifungiwa na FIFA mwaka mzima baada ya ugomvi na mwamuzi kule Kigali kwenye Kombe la Kagame. Mchezaji bora wa ndani ya Afrika wa 2009, hayupo. Timu ikaipiga Espérance ya Tunisia 5-0 kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya Afrika, ikaenda Abu Dhabi, ikaifunga Pachuca 1-0 na Internacional 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Picha ya kipa wetu Kidiaba akiwa ameketi kwenye nyasi, miguu mbele, mikono hewani, akirukaruka kwa makalio kuelekea katikati ya uwanja, hakuna wa mji huu asiyeijua. Kwenye fainali Inter Milan walitufunga 3-0, sawa. Lakini kufika pale bila Mputu kunaonyesha kikosi kilijengwa kwa upana, hakikumtegemea nyota mmoja.

Nusu ya pili ya swali lako sina namna ya kuitetea. Alipokuwa mbali, kilichoondoka ni mwili wake. Cheo na mamlaka vilibaki kwake vile vile. Hatujawahi kuona Mazembe yenye rais mwingine tangu 1997. Na tangu 2017 wanaume hawajaleta kombe la CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Nusu fainali 2019 walitolewa na Espérance, nusu fainali 2024 na Al Ahly. Alirudi 2019, kombe halikurudi naye. Mimi naona kosa liko kwenye kurithishana: Kidiaba, Samatta, Kalaba, kila aliyetoka aliacha shimo, na waliowekwa hawakuwa wa kimo kile.

Mwenge wa Ruashi

Yaya, 2019 hiyo hiyo tuliipiga Club Africain 8-0 na kuitoa Simba kwa 4-1 baada ya 0-0 ya Dar. Hiyo ni timu iliyokosa warithi?

Yaya wa Bel-Air

Ni timu nzuri iliyokwama penye mlango ule ule: 0-1 Tunis, 0-0 hapa. Mwaka 2015, fainali dhidi ya USM Alger, tulishinda 2-1 kwao na 2-0 kwetu, Samatta akifunga mechi zote mbili. Mechi ngumu zinahitaji mtu wa kupewa mpira mmoja akaumaliza. Kumtafuta mtu huyo kabla wa kwanza hajaondoka ni kazi ya uongozi. Samatta alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ndani ya Afrika Januari 2016, na mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Kwamba ataondoka lilijulikana mapema.

Fundi Mikataba

Watu wanapima uongozi kwa kocha na wachezaji. Mimi nataka mtazame ofisi. Kosa kubwa zaidi la enzi hii halikutokea uwanjani.

Mwaka 2011 Mazembe walikuwa bingwa mtetezi mara mbili mfululizo. Wakaitoa Simba, wakaitoa Wydad. Simba wakapeleka malalamiko kuhusu Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa ametoka Espérance: kwamba hakuwa na haki ya kuchezea Mazembe mashindano yale. CAF ikakubali, Mazembe ikaondolewa. Simba na Wydad wakachezeshwa mechi moja Misri kugombea nafasi yetu, Wydad wakashinda 3-0. Jina moja kwenye orodha, na ndoto ya kombe la tatu mfululizo ikafa mezani.

Kwa wasiojua jinsi mchezaji wa nje anavyoandikishwa: kwanza uwe na ushahidi wa maandishi kwamba mkataba wa zamani umekwisha au umevunjwa kisheria, neno la wakala au la mchezaji mwenyewe halitoshi. Pili mkataba mpya unaingizwa kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA, ambao ulikuwa lazima tangu Oktoba 2010, yaani miezi michache tu kabla ya kisa hiki. Tatu shirikisho letu linaomba hati ya uhamisho kwa shirikisho alikotoka. Nne ndipo unaomba leseni ya CAF, ndani ya dirisha lake, kwa mashindano yale. Hatua ya tatu ikiwa na mgogoro, mchezaji anakaa jukwaani hata kama mkufunzi analia. Hapo anahitajika katibu mwenye uwezo wa kumwambia rais "huyu hachezi Jumapili" na rais akanyamaza.

Hilo ndilo linalonihangaisha kuhusu mwenye timu ambaye uzito wake unakua kila mwaka. Uzito ukizidi, wa chini wanaogopa kusema hapana. Sisemi ndivyo ilivyokuwa 2011. Nasema ofisi yenye nguvu inapimwa kwa hapana zake.

Mnyama wa Kariakoo

Salaam kutoka Dar. Ndugu zetu wa Lubumbashi, kisa cha Bokungu huku tunakikumbuka vizuri, kwa sababu ndicho kilichotupa mechi ile ya Misri.

Nichangie kuhusu mwenye timu. Huku Tanzania swali lenu lilitufika 2017, Mohammed Dewji alipotaka kuwekeza Simba. Utaratibu wa serikali uliotoka ni huu: mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Thamani iliyotajwa kwa ile 49 ilikuwa shilingi bilioni 20. Tumebishana kuhusu utekelezaji wake miaka mingi na bado tunabishana, lakini angalau namba ipo kwenye karatasi na kila mtu anajua anabishania nini. Yanga nao, pamoja na nguvu ya mfadhili wao, Julai 2022 walipiga kura wakamchagua Hersi Said kuwa rais. Kwenu mwenye timu ana asilimia ngapi?

Karani wa Hati

Kaka wa Kariakoo, jibu la swali lako linawashangaza wengi: kwetu hakuna asilimia.

Vilabu vya Kongo kwa desturi vinaandikishwa kama vyama visivyo vya faida, ASBL, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Chama cha namna hiyo hakina hisa. Kina wanachama, mkutano mkuu, halmashauri ya uongozi na wakaguzi wa hesabu, na utu wake wa kisheria unatoka kwa waziri wa sheria. Anayeweka milioni 5 na anayelipa ada ya mwaka, wote wawili mbele ya mkutano mkuu wana kura moja moja. Kwa hiyo neno "mwenye timu" ni la barabarani tu. Kisheria kuna rais, na rais anaweza kubadilishwa.

Lakini hapo ndipo pagumu. Kwa kuwa hakuna hisa, nguvu ya anayelipa haiandikwi popote. Haiwezi kuuzwa, haiwezi kurithiwa, haiwezi kupunguzwa kwa kura. Mfumo wa 49 kwa 51 una kelele zake, lakini unakuonyesha mlango wa kutokea. Wetu hauna mlango: mtu yupo au hayupo.

Mhasibu wa Kampemba

Karani amefungua mlango wangu. Tuhesabu.

Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo unachukua watu kama 18,500. Tuseme umejaa wote na tiketi kwa wastani ni dola 2. Hiyo ni dola 37,000 kwa mechi. Tuseme mechi 20 za nyumbani, zote zimejaa, jambo lisilotokea: dola 740,000 kwa mwaka mzima, kabla ya kulipa usalama, umeme, makato ya ligi na waamuzi. Sasa linganisha na zawadi za CAF zilizopandishwa 2023: bingwa wa Ligi ya Mabingwa dola milioni 4, wa pili milioni 2, anayetolewa nusu fainali milioni 1.2. Nusu fainali moja inazidi mwaka mzima wa tiketi. Kwa hiyo ukikosa makundi ya CAF mwaka mmoja, shimo hilo halizibwi na jezi wala tiketi. Linazibwa na mtu. Huo ndio mzizi wa ukubwa wa mwenye timu, hata kabla hujataja siasa.

Njia ya tatu ya feza ni wachezaji, na hapa ninaipa timu sifa. Shule ya mpira ya Katumbi iliyoanzishwa 2012 ndiyo kitu pekee katika orodha hii kinachoweza kulipa bila mtu kutoa mfukoni. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka wa miaka 12 hadi 15 klabu inapata 0.25% ya bei. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23 inapata 0.5%. Bei ikiwa milioni 1: mwaka mmoja wa utotoni ni 2,500, mwaka mmoja wa ujanani ni 5,000. Ukimlea tangu 12 hadi 23 unapata 50,000 nzima, na unaipata tena kila anapouzwa nje mpaka anastaafu.

Mfano: Samatta amezaliwa Desemba 1992, alikaa Mazembe tangu 2011 hadi mwisho wa 2015, yaani miaka yake ya 19 hadi 23. Ni kama 2.5%. Alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kila milioni 1 ya bei ilibeba 25,000 ya Mazembe, bila mtu wa Lubumbashi kupiga mpira.

Kinachoharibika mara nyingi ni pasipoti ya mchezaji, ile karatasi ya shirikisho inayoorodhesha vilabu vyote na tarehe zake. Mtoto akichezea timu ya mtaa Katuba miaka 3 bila leseni, miaka hiyo haipo. Jina likiandikwa kwa herufi tofauti kwenye leseni mbili, au mwaka wa kuzaliwa ukibadilika, madai yanakwama hata kama mfumo wa malipo wa FIFA tangu Novemba 2022 unafanya kazi kwa kompyuta. Leseni ya mtoto wa miaka 12 ndiyo hundi ya baadaye. Ukitaka kujua kama rais wa timu anafikiria miaka 20 mbele, uliza nani anatunza leseni za watoto.

Na jambo la mwisho, ambalo ningeomba kila shabiki alikariri. Feza ya rais inaingiaje kwenye vitabu? Kuna namna mbili. Ikiandikwa zawadi, imeshakuwa ya klabu, basi. Ikiandikwa mkopo, kila mwaka safu ya deni inanenepa, na siku akiondoka klabu inadaiwa mamilioni na mtu yule yule iliyemshangilia. Hakuna atakayeweza kuichukua timu yenye deni la namna hiyo. Mstari mmoja tu kwenye vitabu unaamua kama timu iko huru.

Damu ya Reli

Mhasibu, hapo umenishika. Nimekuwa nikiuliza mfuko una kiasi gani, kumbe ningeuliza umeandikwa vipi.

Mama wa Katuba

Mnapima wanaume peke yao. Tarehe 23 Novemba 2024, El Jadida, Moroko, wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR 1-0 wakawa mabingwa wa Afrika. Klabu ya kwanza ya Kongo kulichukua kombe hilo. Na walimfunga mwenyeji ambaye alishawahi kulishika 2022. Kocha wao, Lamia Boumehdi, akapewa tuzo ya kocha bora wa wanawake Afrika mwaka ule.

Mtu atasema CAF inalazimisha klabu kuwa na timu ya wanawake ili ipate leseni. Ni kweli. Ndiyo maana vilabu vingi vina timu ya wanawake ya karatasi: wachezaji 18 wa kuazima, jezi za wanaume zilizobaki, mazoezi wiki mbili kabla ya ukaguzi. Kutoka karatasi hadi kombe kuna kocha wa kulipwa, kuna malazi, kuna daktari, kuna saa za uwanja ambazo wanaume hawazigusi. Hapo uongozi ulichagua kutoa zaidi ya ilivyolazimishwa. Yaya wa Bel-Air anasema tangu 2017 hakuna kombe la CAF la wanaume. Ninyi wanaume ndio mmelikosa. Klabu imelipata.

Yaya wa Bel-Air

Mama, nimekubali, nirekebishwe. Nilitaja wanaume, lakini sikutaja wanawake, na hilo ni kosa.

Fundi Nyasi

Kuhusu uwanja. Ulifunguliwa 2011 pale Kamalondo, na kabla ya hapo tulikuwa tunategemea uwanja wa Kenya, komine (wilaya) ya hapa hapa Lubumbashi. Taifa Stars ya Tanzania walicheza hapo Kamalondo na Leopards, timu ya taifa ya Kongo, Septemba 2021, 1-1, kufuzu Kombe la Dunia. Kwa hiyo umetumika na nchi nzima. Lakini kujenga ni siku moja. Nyasi bandia zinakula feza kimya kimya, na hapa ndipo wenye timu wengi Afrika wanapoanguka.

Nyasi hizi ni nyuzi za plastiki zilizoshikwa kwenye zulia, katikati umemwagwa mchanga chini na punje nyeusi za mpira juu. Kwenye nyuzi za milimita 60 kwa kawaida unataka zionekane milimita 15 hadi 20 juu ya punje. Mpira ukidunda unaona punje zinaruka kama mchwa. Hiyo ni dalili nzuri, maana yake zipo. Pale nukta ya penalti, golini na kwenye njia ya mshika kibendera, miguu inazisukuma pembeni kila mechi. Zisiporudishwa, nyuzi zinalala, mpira unateleza kwa kasi, kiatu kinanasa, goti linapinda. Kwa hiyo: kupiga brashi kila wiki, kwenda kinyume na mwelekeo nyuzi zinakolala, kupima kina cha punje sehemu zile zile kila mwezi, kuongeza kwa mkono golini na kwenye penalti, kukagua maungio ya zulia, kwa kuwa gundi ikiachia sentimita 10 leo, kesho ni mita 2.

Hapa Lubumbashi kuna mawili ya ziada. Kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi jekundu linashuka kati ya punje na kuzigandisha kama sakafu. Pasipolegezwa uwanja unakuwa mgumu na maji ya mvua ya Novemba hayashuki. Halafu jua: zulia linachemka kuliko nyasi za kawaida, linamwagiwa maji kabla ya mechi ya mchana, na maji hayo yanatoka kwenye pampu inayohitaji umeme.

Zulia lililotunzwa vizuri linaishi miaka 8 hadi 10. Kiongozi wa kweli anaanza kuweka akiba ya zulia jipya mwaka wa kwanza, hangoji mkaguzi wa CAF aje na kalamu.

Mwenge wa Ruashi

Fundi, na ukubwa je? Ile mashindano ya African Football League ya 2023, Mazembe walienda kuchezea mechi ya "nyumbani" Benjamin Mkapa, Dar.

Fundi Nyasi

Iliuma, ndiyo. Viti 18,500 vinatosha ligi na hatua nyingi za CAF. Kupanua pale si kuongeza matofali tu: Kamalondo ni komine ndogo iliyojaa nyumba, na wakaguzi wanahesabu pia milango ya kutokea, njia ya gari la wagonjwa, nafasi ya magari ya televisheni. Mimi ningechagua zulia zuri na taa nzuri kwa watu 18,500 kuliko jukwaa jipya juu ya zulia lililokufa.

Fundi Mikataba

Niongeze kipimo kimoja ambacho shabiki anaweza kukifuatilia bila kuingia ofisini: mishahara.

Sheria ya FIFA inasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaiandikia klabu na kuipa siku 15. Zikipita bila malipo, anavunja mkataba kwa haki na anaondoka bure, tena anadai fidia. Na klabu inayochelewesha deni zaidi ya siku 30 bila sababu inaweza kufungiwa kusajili dirisha moja au mawili. Kwa hiyo ukiona mchezaji mwenye mkataba wa miaka 2 mbele anaondoka bila bei, au dirisha linapita na klabu haijasajili hata mmoja huku nafasi ziko wazi, usikimbilie kusema "kocha hamtaki". Uliza kuhusu mshahara. Timu ya mtu mmoja ina hatari hii kuliko nyingine: bei ya shaba ikishuka, kampuni yake ikiuzwa, akaunti yake ikifungwa kwa sababu ya kesi au siasa, miezi miwili inapita haraka sana. Dawa ni akaunti ya klabu yenye mishahara ya miezi 6 ambayo rais hawezi kuigusa peke yake, saini mbili au tatu.

Mamba wa Kamalondo

Wakubwa, mmeupeleka uzi mbali kuliko nilivyotarajia. Karani, nimebaki na moja. Uwanja, shule ya mpira, kambi: vyote viko juu ya ardhi. Ardhi inaandikwaje, ili siku rais akibadilika uwanja usibadilike naye?

Karani wa Hati

Swali zuri, na wengi wanalikosea.

Kongo ardhi yote ni ya Serikali, sheria ya 20 Julai 1973. Mtu au chama anapewa haki ya kuitumia, konsesyo, na ushahidi wake ni setifika ya kuandikishwa inayotolewa na konservatera, yaani ofisa mtunza hati za ardhi. Konsesyo ziko aina mbili. Ya kudumu anaipata mtu binafsi tu, tena Mkongo. Chama, kampuni, klabu, hata kikiwa cha Wakongo watupu, kinapata ya kawaida, isiyozidi miaka 25, na inaweza kufanywa upya.

Mmeona mtego uko wapi. Kiwanja kikiandikwa kwa jina la rais, karatasi ni imara na haina mwisho, lakini ni mali yake, na akifariki ni ya warithi wake. Kikiandikwa kwa jina la klabu, ni cha klabu kweli, lakini kina tarehe ya mwisho, na uongozi uliolala unaweza kuipitisha. Siongelei kiwanja chochote maalumu. Hii ni kwa Mazembe, kwa Lupopo, kwa timu ya daraja la tatu ya Kampemba.

Mwanachama aliye na haki ya kuingia mkutano mkuu aulize matatu: setifika ina jina la nani, namba yake ya kadastre (daftari la viwanja) ni ipi, na inaisha lini. Ajibiwe kwa kuonyeshwa nakala, isiwe kwa maneno.

Damu ya Reli

Na kama jina ni la mtu, na mtu mwenyewe yuko tayari kuitoa kwa klabu?

Karani wa Hati

Basi ifanyike akiwa hai na akiwa bado rais. Kutoa kiwanja kunataka hati rasmi mbele ya ofisa mwenye mamlaka. Barua ya shukrani au tangazo jukwaani havina kazi. Kabla ya hapo klabu iwe na karatasi zake: utu wa kisheria uliosainiwa na waziri, statuti (katiba ya klabu), na kumbukumbu za mkutano mkuu unaokubali kupokea. Ada za kuhamisha zinalipwa, setifika ya zamani inafutwa, mpya inatoka kwa jina la klabu, ikiwa konsesyo ya kawaida. Kisha miaka miwili ya kutulia, maana ndipo setifika inakuwa haiwezi kupingwa tena.

Siku ikitoka, nakala moja ikae kwa mwanasheria, moja kwa mkaguzi wa hesabu, na tarehe yake ya mwisho iandikwe kwenye ubao wa ofisi, pale pale panapobandikwa ratiba ya mechi.